Golf GTI iliyokata nguvu Mai Mahiu: joto la sampu na joto la klachi

Gari ni Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha sita, ya mwaka 2011, iliyoshuka bandarini Mombasa ikiwa imeshatumika Japani. Giaboksi yake ni ya klachi mbili, DSG ya gia sita ambayo kiwandani inaitwa DQ250. Klachi zake zinafanya kazi ndani ya oili, si kavu kama zile za DSG ya gia saba iliyowekwa kwenye Golf zenye injini ndogo za wakati huohuo. Mwenye gari aliirimapu injini, yaani alibadilishiwa programu ya kompyuta ya injini ili itoe nguvu zaidi, muda mfupi baada ya kulinunua gari, kama wanavyofanya wengi wenye GTI Nairobi. Hilo tutalirudia, maana rimapu hulaumiwa haraka kwenye gari la aina hii.

Malalamiko yalikuwa haya. Jumapili jioni, familia inarudi kutoka harusini Narok, watu wanne ndani, buti limejaa, kiyoyozi kinafanya kazi. Wakafika kwenye mpando wa Mai Mahiu kuelekea Limuru. Anayeijua barabara hiyo anajua hali yake: malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kulia na kushoto ni ukuta wa mlima na bonde, na lori moja likikwama basi wote mko pale. Siku hiyo lilikwama. Foleni ikawa ya kusogea urefu wa gari moja, kusimama, kusogea tena. Walipofika kama nusu ya mpando herufi D kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzima, gari likawa zito, na akikanyaga mafuta injini inaitika kwa uvivu. Akalitoa kando, akalizima. Walipokaa muda wa kutosha watoto kuanza kulalamika, akaliwasha, likapanda hadi Limuru bila neno lolote.

Gereji ya kwanza ilimwambia mekatroniki imekufa. Mekatroniki ni lile bonge la vali na kompyuta linalokaa ndani ya giaboksi, na bei yake inatosha kumfanya mtu auze gari. Rafiki yake mmoja wa kundi la magari akampa tiba nyingine: afunge kipoza oili kikubwa zaidi mbele ya rejeta. Alinijia akiwa na ushauri wote wawili, na picha aliyoipiga kwa simu akiwa pale kando ya barabara.

"Fundi, angalia mwenyewe. Oili ilifika 119."

Niliitazama picha. Nambari ilikuwa 119 kweli, lakini ilikuwa ya oili ya injini. Dashibodi ya Golf hii inakuonyesha joto la oili ya injini ukipekua menyu, wala haionyeshi joto la giaboksi popote. Na oili ya injini kufika 119 kwenye mpando, gari limejaa, turbo inasukuma, si jambo la kumnyima mtu usingizi. Kwa hiyo kitu pekee alichokuwa amekipima hakikuwa kile kilichoharibika.

"Sasa hiyo ya giaboksi naionaje, bosi wangu?"

Hilo ndilo swali lililotakiwa kuulizwa kabla ya bei ya mekatroniki kutajwa.

Joto tatu, si moja

DQ250 ina sensa tatu za joto. Mbili ziko kwenye mekatroniki yenyewe, zimezama kwenye oili: G93 inayopima oili, na G510 inayopima kompyuta. Hizi mbili zinachungana. Moja ikidanganya, nyingine inaisuta. Ya tatu, G509, imewekwa kwenye klachi, ndani ya kifuko kimoja na sensa ya mwendo inayoitwa G182. Kazi yake ni kupima oili inayotoka kwenye sahani za klachi, mahali ambapo oili hupata moto kuliko kwingine kokote ndani ya giaboksi. Imetengenezwa isome haraka, kuanzia digrii 55 chini ya sifuri hadi 180.

Tofauti ya sensa hizi ndiyo kisa kizima. G93 inakuambia habari ya oili yote kwa jumla, ile iliyokusanyika kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya giaboksi; nikisema joto la sampu ni hili. Ni lita 7.2 ndani ya kasha la alumini, na hazipandi wala kushuka joto kwa sekunde mbili. G509 inakuambia kinachotokea klachini sasa hivi. Ukiangalia ya kwanza peke yake utaona mstari laini unaopanda polepole, na utajiona salama huku sahani za klachi zinaungua. Ukiangalia ya pili peke yake utashtuka kila unapoondoka kwenye taa za barabarani, maana inaruka juu na kurudi, na huo ndio mwenendo wake wa kawaida.

Maelezo ya Volkswagen yenyewe kuhusu giaboksi hii yanataja mipaka miwili. Joto likizidi digrii 138, mekatroniki huiamuru injini ipunguze nguvu. Likizidi 145, klachi huacha kupewa shinikizo la oili na hufunguka, yaani gari halivutwi tena na kitu. Soma tena malalamiko ya Mai Mahiu ukiwa na nambari hizo. Gari kuwa zito, injini kuitika kivivu, kisha baada ya kupumzika kila kitu kurudi sawa. Mekatroniki iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa kando ya barabara. Hii ilikuwa mekatroniki inayofanya kazi yake barabara kabisa.

Hiyo ilikuwa dhana, na dhana haitoi risiti. Ilibidi ipimwe.

Kwenye kumbukumbu ya giaboksi nilikuta kosa moja lililohifadhiwa, P0218, joto la giaboksi kupita kiasi. Hapakuwa na kosa la sensa, la vali, wala la shinikizo. Gereji ya kwanza iliisoma kompyuta hiyohiyo. Nadhani waliona neno giaboksi wakaacha kusoma hapo.

Jambo la kwanza nililotaka kujua ni kama sensa zinasema kweli. Kuna njia rahisi isiyohitaji chombo cha bei ghali: acha gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi, kabla ya kuwasha injini, washa swichi tu na usome joto zote. G93, G510, G509, maji ya injini, hewa ya nje, zote zinapaswa kukaribiana, kwa sababu hakuna kilichopata moto. Asubuhi ya Nairobi zilikuwa zimesimama pamoja, tofauti ya digrii moja mbili. Sensa inayosoma 40 wakati wenzake wanasoma 16 ungeikamata hapo, na ungejiokoa na kazi yote inayofuata. Hapa hazikuwa na shida.

Neno kuhusu vifaa. Mwenye gari alikuwa na kile kidude cha bei nafuu cha kuchomeka chini ya usukani na kuunganisha na simu kwa bluetooth. Alishangaa kwa nini hakikumpa joto la giaboksi. Programu nyingi za simu husoma orodha ya kawaida ambayo magari yote yanalazimika kuitoa: maji ya injini, mizunguko, mwendo kasi, na mengine ya aina hiyo. Joto la giaboksi la DSG liko nje ya orodha hiyo. Lazima programu ijue kuzungumza na kompyuta ya giaboksi moja kwa moja. VCDS kwenye laptopu inafanya hivyo, OBDeleven kwenye simu pia, na zipo programu nyingine unazoweza kuziongezea anwani kwa mkono ukizijua. Kwa magari mengi ya gia za mkono habari ni tofauti kabisa: mara nyingi hakuna sensa yoyote ndani, na anayetaka kujua joto hufunga sensa yake kwenye nati ya kumwagia oili na kuvuta waya hadi kwenye geji. Mwenye DSG ana bahati, sensa tayari amezilipia.

Oili iliyopungua, na hesabu iliyokataa kutimia

Kabla ya kulipeleka gari barabarani nilikagua kiwango cha oili, kwa sababu ni kazi nyepesi na kwa sababu mwenye gari alisema oili ilibadilishwa miezi michache kabla ya harusi. Volkswagen wanataka oili na chujio vibadilishwe kila kilomita 60,000, na kwa gari la kutoka Japani kufanya hivyo mapema ni busara. Lakini DQ250 haina kijiti cha kupimia. Kiwango chake hupimwa kwa chini: unafungua nati, na ndani ya tundu hilohilo kuna kijibomba kilichosimama. Oili iliyozidi urefu wa kijibomba inamwagika, ikiishia kudondoka matone basi kiwango ni sahihi. Masharti ni mawili. Injini iwe inanguruma, na oili iwe kati ya digrii 35 na 45 kama inavyosomwa kwenye kompyuta.

Nilisubiri G93 isome 38, gari likiwa sawa juu ya lifti, injini ikiwaka. Nikafungua. Halikudondoka hata tone. Niliongeza kidogo kidogo mpaka ikaanza kutiririka, na iliyoingia ilikuwa karibu robo tatu ya lita.

Jibu la haraka, ambalo wengi wangelitoa, ni kwamba fundi aliyepita alipima oili ikiwa moto. Oili moto hutanuka, inajaa hadi juu ya kijibomba, sehemu inamwagika, na ikipoa kiwango kinabaki chini. Ni kweli, lakini fanya hesabu. Oili hutanuka kama sehemu 7 au 8 katika kila 10,000 kwa kila digrii moja. Tuseme alipima ikiwa 75 badala ya 40: digrii 35 za ziada, mara lita 7, unapata kama lita 0.2. Mimi niliongeza zaidi ya mara tatu ya hiyo. Joto pekee halielezi upungufu huo.

Kinachoeleza ni sharti la kwanza. Injini ikizimwa, pampu inasimama, na oili iliyokuwa kwenye kipoza, kwenye njia zake na kwenye klachi inateremka kurudi chini. Sampu inajaa kwa udanganyifu. Ukifungua nati wakati huo, kijibomba kinamwaga oili ambayo giaboksi ilikuwa inaihitaji ikiwa kazini. Sikuwapo gereji hiyo, lakini upungufu wa ukubwa ule unaelekeza kwenye injini iliyozimwa zaidi kuliko kwenye oili iliyokuwa moto. Nilimwonyesha mwenye gari kile kijibomba ili siku nyingine asimame pale na kuuliza: injini inawaka? kompyuta inasoma ngapi?

Oili niliyoichota kwa sampuli ilikuwa na harufu ya kuungua, ingawa ilikuwa na miezi tu. Oili inayopita 130 huzeeka haraka sana. Kanuni ya mafundi wa vilainishi ni kwamba kila digrii 10 juu, kuharibika kwake kwa oksijeni huenda mara mbili. Kwa hiyo tuliimwaga yote, tukaweka mpya na chujio kipya, tukapima kwa utaratibu.

Hapa kulikuwa na kishawishi cha kumrudishia gari na kusema tatizo lilikuwa oili. Lingekuwa jibu zuri, la bei nafuu, na pengine nusu yake ni kweli. Lakini robo tatu ya lita kati ya saba haikuniingia akilini kuwa ndiyo iliyolifikisha gari 138. Oili kidogo hupanda joto haraka zaidi, na gari likiinama kwenye mpando pampu inaweza kuvuta hewa. Bado joto lenyewe lazima litoke mahali.

Tulivyopanda tena

Tulirudi Mai Mahiu, yeye akiendesha, mimi nikiwa na laptopu mapajani, tukichagua saa ya malori. Nilimwomba aendeshe kama siku zote na asiniangalie.

Sehemu ya kwanza, kushuka na kisha barabara tambarare ya bondeni, ilikuwa na somo lake. Alikanyaga hadi mwendo ambao sitauandika hapa. Sampu ilikaa kati ya 90 na 95 na haikujali. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya giaboksi hii, kwa sababu kipoza chake hakipozwi kwa upepo bali kwa maji ya injini. Oili haiwezi kukaa chini ya joto la maji yanayoipoza. Watu huona 95 wakatafuta kipoza kikubwa. Gari likiwa kwenye gia ya tano kwa kasi, klachi imefungwa, sahani hazisuguani kwa kiasi cha maana, na joto linatokana na meno ya gia na pampu tu.

Hapohapo nikapima ile hofu ya rimapu. DQ250 ilitangazwa kwa nguvu ya kuzungusha hadi Nm 350. Injini ya GTI hii ilitoka kiwandani na Nm 280, na rimapu inaweza kuivusha mpaka huo wa 350. Kama klachi zingekuwa zimeshindwa kuibeba nguvu hiyo, ungeona injini inazunguka haraka kuliko shafti inayoingia kwenye giaboksi pale anapokanyaga mafuta yote kwenye gia ya tatu na ya nne. Gia ya tatu iko kwenye klachi ya kwanza, K1, pamoja na ya kwanza, ya tano na rivasi. Ya nne iko kwenye K2 pamoja na ya pili na ya sita, kwa hiyo unazipima zote mbili. Mistari miwili kwenye skrini ilipanda imeshikana. Klachi hazikuteleza. Rimapu haikuwa na hatia kwa kosa hili, lolote tutakalosema juu yake kwa mengine.

Kisha tukaingia mpandoni, nyuma ya lori la makasha, na ndani ya muda mfupi nikaona kilichokuwa kinatokea.

Lori likisimama, yeye hakukanyaga breki. Alilishika gari kwa mguu wa mafuta, injini kwenye mizunguko kama 1,500, gari likiwa limetulia palepale kwenye mwinuko bila kurudi nyuma. Kila lori liliposogea hatua moja naye alisogea, akasimama tena kwa mtindo uleule. Mwenye gari la klachi ya mguu anajua kufanya hivyo kunaunguza klachi, na anaisikia harufu. Kwenye DSG hakuna pedali ya kukukumbusha, na gari linatii kwa upole mno hadi unaona ni hila nzuri ya kutosumbua breki. Klachi ni ileile inayosuguliwa. Tofauti ni kwamba anayeisugua ni kompyuta kwa amri ya mguu wako.

Nambari zake ni hizi, na nilimwandikia kwenye karatasi tulipofika juu. Gari na watu, takriban kilo 1,700. Mwinuko wa asilimia 6 unalivuta nyuma kwa nguvu ya kama Nm 320 kwenye magurudumu. Gia ya kwanza na difu pamoja huzidisha nguvu ya injini kama mara 14, kwa hiyo klachi inahitaji kubeba Nm 23 tu kulishika gari. Inaonekana ndogo. Lakini injini inazunguka 1,500 na upande wa pili wa klachi umesimama, kwa hiyo kila chembe ya kazi inageuka joto: karibu kilowati 3.5. Ni kama kuchemsha birika mbili za umeme ndani ya giaboksi, muda wote unaosubiri lori. Lita 7.2 za oili bila msaada wa kipoza zingepanda zaidi ya digrii 15 kila dakika kwa moto huo. Kipoza kinaondoa sehemu, alumini inameza sehemu, ila pampu ya oili inazungushwa na injini, na injini iko polepole, gari limesimama, maji ya rejeta yenyewe yana moto na feni ndiyo inayoyahangaikia. Juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 18, na feni inasukuma hiyo hewa nyepesi.

Kwenye skrini G509 ilikuwa inaruka hadi 120 na kitu kila alipoondoka, kisha ikawa hairudi chini kabisa. Sampu ikapita 105, ikapita 110. Klachi ilipogusa 138 nilimwambia asimame kando. Oili ilikuwa mpya na kiwango sahihi.

Hapo gari lilikuwa limejieleza. Kipoza kikubwa kingechelewesha sampu kupanda, na kwa mtu wa mbio za mzunguko, ambaye gia zinabadilishwa bila kupumzika na gari linapata upepo, ningemshauri akifunge. Kwa huyu kingekuwa pesa ya kununua ruhusa ya kuendelea kusugua klachi, maana klachi inapata moto kwa sekunde, mahali ambapo kipoza hakifiki hadi oili irudi.

Tuliacha gari lipoe huku injini ikiwaka kwenye N, kwa sababu ukiizima pampu inasimama na oili haizunguki tena kwenye kipoza. Kisha sehemu iliyobaki aliipanda kwa maelekezo: lori likisimama, kanyaga breki hadi gari lisimame kabisa, na kompyuta yenyewe itaiachia klachi. Likikaa muda mrefu, vuta breki ya mkono na weka N. Usisogee kwa hatua. Acha nafasi ifunguke ya magari matatu manne, kisha ondoka kwa nguvu kidogo ili klachi ifunge haraka, uende na gia ya kwanza iliyoshika, usimame tena. Magari ya nyuma yatapiga honi. Matatu itajaribu kuingia kwenye nafasi hiyo, na moja iliingia.

G509 iliendelea kuruka kila alipoondoka, na hata iliruka juu kidogo kuliko mwanzo kwa sababu aliondoka kwa nguvu zaidi, lakini ilirudi chini kila mara. Sampu haikuongezeka, ilianza kushuka, ikafika chini ya 100 kabla hatujaingia Limuru. Yeye aliangalia mruko wa klachi akaogopa, na ilinibidi nimweleze kwamba mruko wa sekunde tatu unaorudi hauna ubaya wa mstari unaopanda taratibu na kukataa kushuka.

Baada ya hapo

Hakununua mekatroniki wala kipoza. Alinunua programu inayosoma joto la giaboksi kwenye simu, na kishikio cha kuiweka mbele yake. Tulipanga aonyeshwe nambari mbili tu, sampu na klachi. Kengele niliiweka kwenye sampu, 115, na kwenye klachi sikuweka yoyote, kwa sababu ingelia kwenye kila mzunguko wa barabara hadi aizime na kuisahau. Wengine hupendelea kengele kwenye klachi kwa 140. Kwa dereva wa mashindano naona maana yake. Kwa baba anayepeleka watoto shule itakuwa kelele.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuja baadaye, kwenye faili aliyonitumia ya matumizi yake ya kila siku. Kilele cha juu kabisa cha klachi hakikuwa Mai Mahiu. Kilikuwa usiku, gari likiwa na mwendo wa karibu sifuri, gia ikiwa R. Nilimpigia simu kumuuliza anaegesha wapi. Anakaa kwenye nyumba ya ghorofa, maegesho yako chini ya ardhi, na kila asubuhi hutoka kwa kurudi nyuma akipanda rampu kali, akisimama katikati kumsubiri askari afungue geti. Usiku ule alikuwa amelisahau begi, akapanda na kushuka rampu kwa rivasi akiangalia kioo, inchi kwa inchi. Rivasi iko kwenye K1, klachi ileile ya gia ya kwanza, ambayo tayari ndiyo inayobeba kila kuondoka.

Nilimwambia aingie kwa rivasi wakati wa kushuka, ambapo mteremko unafanya kazi badala ya klachi, ili asubuhi atoke akiangalia mbele, na ampigie askari simu geti lifunguliwe kabla hajaanza kupanda. Alicheka, akasema askari atadai chai. Faili iliyofuata haikuwa na kilele kile.

Oili tuliyoiweka tulikubaliana asiisubirishe hadi kilomita 60,000. Ataileta kwa 40,000, na siku hiyo nitaifungua nati mbele yake, injini ikiwaka, tukisoma G93 pamoja.